Ndoo ya Adhuhuri

Sabuni ilikuwa mbichi.

Mambo yote yalianzia hapo, na usicheke. Mtu anaishi peke yake, ameoga alfajiri, amefunga mlango kwa kufuli kubwa kama kichwa cha mbuzi, ameshinda kazini mchana kutwa. Anarudi jioni anakuta sabuni imelowa, ina povu pembeni, kama imetoka mgongoni mwa mtu sasa hivi. Akaigusa. Akanusa kidole. Kilinuka udongo uliopigwa na mvua, na mvua ilikuwa haijanyesha hata tone la kulowesha sisimizi.

"Unyevunyevu tu," akajiambia, akapanda kitandani bila kula wala kunywa. Siku hizo hamu ya vyote viwili ilikuwa imemtoka.

Huyu bwana kazini walimwita Mistari. Alifanya kazi ofisi ya maji, na kazi yenyewe ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta akitazama mistari mpaka macho yawe mekundu kama pilipili. Kila nyumba ya mji ule ilikuwa na mita inayotuma yenyewe habari za maji yaliyopita. Ukioga, mstari wako unapanda. Ukilala, nao unalala. Mistari aliisoma ile mistari kuliko mama anavyomsoma mwanawe. Alikuwa anakuonyesha mmoja anakwambia: huyu kapata mapacha, huyu kanuniwa na mkewe, huyu jana kala kitu kibovu. Na hakosei! Madaktari wa mji mzima wangefunga milango wakauze karanga.

Lakini nyumbani kwake, ndugu yangu, kulikuwa kimya. Tangu afiwe na mkewe, kimya cha mle ndani kilikuwa kizito kiasi kwamba nzi akiingia alitoka mwenyewe kwa kuona haya. Mto wa pili wa kitanda ulikuwa bado umetuna, haujalaliwa. Na Mistari alikuwa na tabia moja ambayo hakumwambia mtu: kila jioni, akifika mlangoni, alipiga hodi. Hodi nyumbani kwake mwenyewe! Mkewe alikuwa hapendi kushtukizwa, kwa hiyo alizoea. Basi anagonga, anasema, "Hodi," anasubiri kidogo, ndipo anatoa ufunguo.

Kwa kuwa hakuwa na wa kumkimbilia nyumbani, alikuwa anabaki ofisini wenzake wakishaondoka, anachokoachokoa takataka. Takataka za kompyuta, namaanisha. Wasomi walioileta ile mashine, watu wa hesabu zenye herufi nyingi kuliko namba, waliifundisha hivi: jambo likitokea kwa nyumba moja katika maelfu, hiyo ni hitilafu ya mita, litupe. Mashine ikawa inatupa bila huruma. Mistari akawa anaokota. Mtu mpweke huwa na huruma na vitu vilivyotupwa.

Siku moja mchana akamwita dada wa malalamiko, aliyekaa meza ya jirani akipokea simu za wateja. Dada huyu alikuwa na mdomo ambao ungeweza kufungua kopo.

"Dada, njoo uone kitu."

"Kama ni yule wa tumbo la jana, siji, nimetoka kula."

"Njoo bwana. Hii nyumba ya mama mshonaji. Anaishi peke yake, mchana yuko kwenye cherehani yake sokoni. Sasa jua likiwa utosini, nani anaoga kwake?"

Dada akainama. "Mita imeingiwa na hewa. Mashine yenyewe imetupa, wewe unafukua nini?"

"Hewa haiogi ndoo moja, kila adhuhuri, inatulia, halafu inajimwagia tena. Huyu anajisugua, dada. Angalia, hapa anajisugua."

Dada akaacha kutafuna bigijii. Mistari akamwonyesha na mengine. Kile kimlima cha adhuhuri kilikuwa kinakua siku hadi siku, na kimlima cha jioni, cha mama mwenyewe, kilikuwa kinapungua. Mmoja anapanda, mwingine anashuka, kama watoto kwenye bembea ya ubao. Mwisho cha mama kikalala moja kwa moja. Siku ile ile cha adhuhuri nacho kikalala.

"Mama mshonaji," dada akasema taratibu. "Mimi nilipokea simu yake. Alilalamika maji hayamtoshi. Nikamuuliza, mko wangapi hapo kwako? Akacheka, kaka, kicheko cha bibi harusi. Akasema, 'Zamani nilikuwa mmoja.'"

"Kisha?"

"Kisha alikutwa amekufa. Midomo imepasuka kama tope la kiangazi, na ndoo imejaa pembeni yake."

Wote wawili wakasogeza viti karibu. Mistari akaiambia kompyuta ifukue takataka zote na itafute umbo lile lile. Katika mji mzima, na maelfu ya nyumba zake, yakatoka maumbo mawili mengine ya siku za nyuma: mlinzi mstaafu, na mwalimu mzee aliyehamwa na wanawe. Mashine ilijua maumbo tu, haikujua watu. Dada alijua watu. Mlinzi, alisema, majirani walimsikia akiuambia ukuta "lala salama". Mwalimu alikuwa anaandaa sahani mbili. Wote walikuwa peke yao, na wote walikutwa wamekauka.

"Na sasa hivi?" dada akanong'ona. "Yupo mwingine aliye hai?"

Mistari akabonyeza. Ukatoka mstari mmoja. Kimlima cha adhuhuri kilikuwa kimeshakizidi kile cha mwenye nyumba. Akasoma namba ya mita, akatoa mkono mezani, akauweka mapajani.

"Ya nani?"

Mistari akaendelea kuitazama ile namba.

"Kaka Mistari, nakuuliza, mita ya nani?"

Dada akamtazama midomo, akatazama kikombe chake cha maji pale mezani, kimejaa mpaka juu, na maji yameota vumbi.

"Mungu wangu. Wewe mara ya mwisho umekunywa maji lini?"

Akajaribu kukumbuka. Alikumbuka mambo mengi sana, hilo hakulikumbuka.

Akaondoka mbio, na jua lilikuwa limewaka kiasi cha kukaanga vivuli vya watu. Alipofika mlangoni mkono ulinyanyuka wenyewe kugonga, akauzuia, akafungua kufuli polepole, akaingia, na harufu ya udongo wa mvua ikampokea kama mtu anavyopokea mgeni aliyemsubiri sana, akapita sebuleni ambako kila kitu kilikuwa mahali pake, akapita kitanda ambacho mto wake wa pili ulikuwa umebonyea katikati, mbichi, na unywele mmoja mrefu umelala juu yake kama uzi, akasikia maji, si ya kuvuja, ni maji yanayochotwa kwa kopo kwenye ndoo na kumwagwa begani, yanachotwa, yanamwagwa, na katikati yake sauti ya sabuni ikizunguka kwenye ngozi, na mlango wa bafu umeachwa wazi kidogo tu, na chini yake sakafu inang'aa, na kwenye ule unyevu nyayo zimetoka chumbani kuingia bafuni, nyayo ndogo za kike, ila vidole vimetazama huku, vimemtazama yeye.

Kopo likasimama.

"Umewahi leo," ikasema sauti mle ndani.

Angekimbia, tungeishia hapa tukalale. Mimi ningekimbia mpaka nitokee nchi jirani ya nchi jirani. Lakini tangu mkewe azikwe hakuna aliyejali kama Mistari amewahi au amechelewa.

"Ndiyo," akajibu. "Nimewahi."

Akakaa chini, nje ya mlango wa bafu.

Dada wa malalamiko alimkuta hapo hapo, analamba midomo iliyochanika, anacheka kichinichini. Hakuja peke yake. Alikuja na bibi mmoja mganga, mfupi kama mchi, ameshika kimfuko cha ubani na amekunja uso hata ukuta ungeomba radhi.

"Kafunge maji kule kwenye mita," bibi akamwambia dada. Kisha akachuchumaa mbele ya Mistari. "Mwanangu, hawa hawavunji mlango. Ulimwita. Ulimwitaje?"

"Sikumwita, bibi."

"Ulimwita. Fikiri."

Mistari akafikiri. Machozi yangemtoka, lakini hayakuwepo ya kutoka. "Nilikuwa napiga hodi."

"Wapi?"

"Hapa kwangu."

"Nyumba tupu?" Bibi akaguna, na sauti ikampungua makali. "Basi yupo aliyesikia, akaingia akusubiri. Mimi nitasoma na kufukiza, lakini anayemtii ni mwenye nyumba. Mwambie atoke. Sema mwenyewe, kwa mdomo wako."

Ubani ukajaa. Bibi akasoma. Maji yalikuwa yamefungwa, lakini bafuni kopo liliendelea kuchota, likikwangua ndoo kavu, krr, krr, kwa haraka zaidi na zaidi.

"Nikitoka," ikasema ile sauti, pole kabisa, "nani atakuuliza umeshindaje?"

Mistari akafumba macho. Dada akampiga konde la bega. "Sema, kaka! Utakufa huku nakuona!"

"Toka," akasema.

"Sikusikia," sauti ikasema.

"Toka! Toka kwangu!"

Hapo mabomba yalipiga kelele ukutani kama ng'ombe arobaini waliokabwa, mabati yakapiga chafya mtaa mzima, ndoo ikapasuka vipande viwili, na upepo wa baridi ukapita katikati yao ukaenda zake mlangoni. Kisha kimya. Sabuni kwenye kisahani ilikuwa kavu, ina nyufa. Mistari akapewa maji, akanywa mpaka dada akaogopa atakausha mji.

"Usigonge tena nyumba isiyo na mtu," bibi akamwambia akiondoka. "Umesikia? Ukimwita mara ya pili, mimi sina dawa."

Basi Mistari akapona. Akanenepa. Umbo la adhuhuri likafutika kwenye mstari wake. Dada alikuwa anautazama mstari huo kila siku kabla hata ya kuweka mkoba chini, na anamtania, "Leo umeoga mwenyewe, hongera." Kila jioni alirudi nyumbani akifungua mlango bila kusema neno. Sabuni kavu. Mto umetuna. Alikuwa anawasha redio, anaizima, anakaa. Hata nzi hawakuja tena.

Kisha dada akaenda likizo, kwa mama yake. Meza ya jirani ikabaki tupu na simu yake imelazwa pembeni. Siku nzima ikapita, hakuna aliyemwita Mistari jina lake wala lakabu yake. Ya pili vilevile.

Adhuhuri ya siku iliyofuata akainuka kitini, akatembea mpaka kwake juani, akasimama mbele ya mlango. Akatoa ufunguo. Akaurudisha mfukoni.

Akagonga, polepole, kwa kifundo kimoja cha kidole.

"Hodi," akasema, na akasubiri.

Kisha, kule ndani, bomba likafunguliwa.

"Karibu," ikasema sauti. "Mbona umekawia?"

Kule ofisini, chumba hakina mtu, mstari mmoja ukapanda kidogo kwenye kioo, ndoo moja tu. Mashine ikauona kabla ya mtu yeyote duniani. Ikaupima, ikaulinganisha na maelfu ya nyumba, haikuona nyingine iliyofanana nao, na kama ilivyofundishwa, ikautupa.