Sauti Iliyoshika Mchana

Redio ilikoroma tangu asubuhi. Mshonaji, ambaye majirani walishaanza kumwita Mama Redio, akaipiga kofi. Ikakoroma zaidi.

Binti yake alikuwa akisoma habari za saa sita mchana kwenye stesheni ya mbali, na tangu aanze kazi hiyo mama mtu hakuwahi kumsikia. Stesheni nyingine ya masafa yaleyale ilimfunika kwa matangazo ya sabuni.

"Mama, mawimbi haya mchana hutambaa ardhini, yakachoka njiani," fundi redio alimweleza kwa mara nyingine. "Usiku ndipo hupaa na kufika mbali. Tena wenye mitambo mikubwa wanawakanyaga wadogo. Redio yako nzima."

"Nzima, haisemi?"

Mshonaji alishafunga waya wa antena kwenye bati la paa. Alishazima hata cherehani ya umeme, kwa kuwa nayo ilinguruma spikani. Wapi.

Siku hiyo mkoromo ukakatika ghafla. Chumba kikanuka udongo mbichi. Sauti ya binti ikaja safi kama yuko jikoni: habari kwanza, kisha, "Namsalimu mama yangu, aliyekaa chini na sindano mdomoni."

Mshonaji akaitoa sindano mdomoni. Akapiga simu, furaha imemjaa.

"Mwanangu, leo nimekupata."

"Umenipata wapi, mama?" binti akanong'ona. "Mtambo wetu uliungua jana. Hatupo hewani."

"Mkatie simu huyo," redio ikasema taratibu. "Si mimi."

Mshonaji akazima redio na sauti ikaendelea, akachomoa betri zikabingirika chini ya meza na sauti ikaendelea, tamu, ikimkumbusha kwamba yule wa kwenye simu hampigii mpaka apigiwe, hamtembelei, na kila akiulizwa yuko kazini, na kilichomtisha kuliko yote ni kwamba kila neno lilikuwa la kweli.

Akakata simu.

Kesho yake binti, aliyeisikia sauti ile kwenye simu, alifika na mganga. Mganga hakuvuka kizingiti.

"Huyu aliyemo redioni hakuvamia," akasema kwa sauti ya chini. "Amekaribishwa. Aliyemkaribisha ndiye wa kumfukuza."

Binti akapiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, mwambie aondoke. Mimi nimekuja."

Mshonaji akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mteja asiyefahamika, akaisogeza redio karibu na sikio.

"Punguza sauti kidogo, dada," akasema. "Mwanangu anazungumza."