Mpangaji Kutoka Kabambare

Iliasi alikuwa akichagua kufuli katika soko la Kasongo, Jumamosi asubuhi, watu wakisukumana kati ya meza za chumvi na za sabuni. Mwanamke asiyemjua alilichukua kufuli mkononi mwake, akachomoa kibanio cha nywele, akachokonoa kidogo, kufuli likafunguka. Akamrudishia.

"Hii itazuia mbuzi," akasema. "Mutu atapita."

Alivaa kitenge cha kijani chenye ndege weupe, na unga ulikuwa umemkaukia mpaka kwenye viwiko. Muuzaji alinuna. Iliasi alikuwa mwalimu wa hesabu, mwenye miaka thelathini na minne, aliyezoea kusahihisha wenzake, lakini siku hiyo alimwomba tu amchagulie jingine. Yule mwanamke akamchagulia, akajitwisha mfuko wake wa unga, akapotelea katika umati kabla Iliasi hajamuuliza jina.

Siku mbili baadaye alimkuta amesimama mbele ya nyumba ya marehemu mama yake, akiuliza kama ni kweli inapangishwa.

Nyumba hiyo ya matofali ya kuchoma mama yao aliwaachia wawili, Iliasi na dada yake mkubwa, Mwanvua, ambaye wote humwita yaya. Mpangaji wa mwisho alihama na milango miwili, akawaachia sakafu iliyolowa mawese ya magendo yake. Tangu hapo Mwanvua, muuza vitenge ambaye neno lake halirudishwi nyuma katika ukoo, aliweka sharti: haingii mtu mpaka wajue alikaa wapi kabla, alitokaje huko, na nani anaweza kumsemea. Kazi ya kuuliza akamwachia mdogo wake.

Mwanamke huyo aliitwa Sarah-Grâce. Alikuwa ameoka mikate Kabambare kwa miaka sita, na sasa alikuwa akilala kwa shangazi yake hapo Kasongo. Nyumba aliipendea ua wake mpana, ambamo angeweza kujenga tanuri la udongo. Iliasi alikuwa na maswali yake tayari kwenye karatasi, lakini hakupata nafasi ya kuyasoma. Mgeni ndiye aliyekagua. Aligonga kuta, akapanda juu ya kiti kutazama mbao za dari, akauliza maji ya mvua yanapita wapi. Mwisho akataka kujua kama kweli nyumba ya Waislamu itampokea Mkristo, tena mwanamke asiye na mume, tena mwenye moto uani.

"Moto utakaa mbali na nyumba?" Iliasi akauliza. Ndilo swali pekee lililobaki kichwani.

"Mbali ya kutosha, nimeshapima. Na wewe unijibu, bwana mwalimu: mwezi wa Ramadhani munafuturu na mukate wa nani? Ule wa juzi wa dukani?"

Iliasi akacheka, na mambo yakaanzia hapo.

Kila jioni, jua likielekea kushuka, alikwenda nyuma ya shule, mahali ambapo rezo, mtandao wa simu, hushika, akampigia. Walizungumza juu ya hamira iliyokataa kuumuka na wanafunzi waliokataa kujifunza. Sarah-Grâce alimwita Bwana Karatasi, kwa sababu kila alichoambiwa alikiandika.

"Bwana Karatasi, mimi umeniandika wapi?"

"Ukurasa wa kwanza, mupenzi."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Sarah-Grâce akamwomba arudie, eti rezo ni mbaya. Rezo ilikuwa nzuri kabisa.

Mwanvua hakuhitaji kuambiwa. Alimwambia mdogo wake kwamba mtu ambaye moyo wake umeshapanga hawezi tena kupangisha, kwa hiyo aende Kabambare, amwone mwenye nyumba wa zamani, arudi na maneno yake. Hapo ndipo Iliasi alipokosea. Aliogopa Sarah-Grâce atachukia kuchunguzwa, akamdanganya kwamba anakwenda vijijini kusimamia mitihani.

Pikipiki ilimchukua siku nzima, na alifika matope yamempanda mpaka magotini. Mwenye nyumba, Mzee Marcellin, alimpa kiti na maneno matamu. Alisema yule mwanamke alikuwa mchapakazi, ila moyo wake mgumu. Siku ya kuondoka alipanda juu ya paa, akabandua mabati yote, akayapakia kwenye pikipiki.

"Mimi mutu muzima," alisema, akionyesha paa kwa kidole, "niliachiwa majani."

Na kweli nyumba ilikuwa imeezekwa majani. Iliasi aliyatazama, akaikumbuka milango miwili ya mama yake. Aliona haya, kama mtu aliyechekwa mbele ya darasa. Jioni hiyo hiyo alipanda mlima kutafuta rezo, akapiga.

"Familia imekataa," akasema. "Iko hivyo, Sarah-Grâce. Wamesema hapana."

"Uko wapi?"

Kuhusu mahali alishindwa kudanganya tena. "Kabambare."

Sauti yake ikaja taratibu, bila hasira. "Uliona heri kuniuliza kwa watu kuliko kuniuliza mimi mwenyewe. Niambie basi. Ni familia imekataa, ao ni wewe?"

"Ni familia."

Simu ikakatwa.

Kesho yake, dereva akitengeneza mnyororo wa pikipiki, jirani mmoja aitwaye Mama Rosine aliacha kinu alichokuwa akitwangia sombe, majani ya muhogo, akamsogelea. Alitaka kujua kama ndiye aliyekuja kuuliza habari za mama wa mikate. Akamweleza yote. Mabati yalikuwa ya Sarah-Grâce. Paa la kwanza lilikuwa la majani, likaoza, mzee akakataa kulitengeneza, naye akanunua mabati mwenyewe, mume wa Mama Rosine akiwa shahidi. Kisha akatokea mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Salamabila aliyeitamani nyumba, na mpangaji wa miaka sita akapewa juma moja la kuhama.

"Alikata majani siku tatu," Mama Rosine akasema. "Akapanda, akaezeka yeye mwenyewe. Alisema nyumba aliikuta na majani, ataiacha na majani. Ingia utazame. Mvua ya jana ulisikia."

Mpangaji mpya alimfungulia. Sakafu ilikuwa kavu. Iliasi akainua macho: matita ya majani yamefungwa kwa nguvu, safu kwa safu, hayapitishi hata uzi wa mwanga. Alisimama hapo mpaka dereva akaja kumwita.

Alipofika Kasongo alimweleza dada yake kila kitu, pamoja na lile la kukataa kwa jina la familia. Mwanvua alikunja kitenge alichoshika, akakikunjua, akakikunja tena.

"Uoga wako umenivalisha mimi," akasema. "Nyumba ni yake, kama bado anaitaka. Lakini mimi siendi kumwomba. Utaenda wewe, na utasema ukweli wote."

Shangazi yake alisema Sarah-Grâce ameshakwenda Nyangwe, kutafuta mahali pengine pa kuokea. Iliasi alimkuta karibu na mto, kitenge amekifunga juu ya magoti, akikanyaga udongo wa tanuri kwenye kiwanja cha watu. Alimwona, akaendelea kukanyaga. Iliasi akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kwenye tope. Walikanyaga pamoja muda mrefu.

"Familia haikukataa," hatimaye Iliasi akasema. "Haikuulizwa. Ni mimi. Niliamini mutu wa kwanza aliyefungua kinywa, kisha nikaogopa kukuambia ni mimi."

"Nilijua siku ile ile. Nilikuwa nangoja nisikie kama utasema."

Akamweleza kwamba nyumba ni yake. Na kwa kuwa njiani alikuwa ameshaamua jambo jingine, akaongeza kwamba hakuna haja hata ya kupanga: amwoe, waingie wote.

Sarah-Grâce akasimama.

"Hapana. Ukinioa leo nitaingia mule kama mugeni wako, na siku utakasirika nitatoka na mabati yangu kichwani. Nipe kontra kwanza. Jina langu, sahihi ya yaya Mwanvua, muhuri wa shefu wa kartie. Nikishajua hakuna mutu wa kuniondoa, utakuja kubisha mulango kama mwanaume yeyote. Na mimi nitauliza habari zako."

"Utamuuliza nani?"

"Wanafunzi wako. Wale waliofeli."

Kontra, yaani mkataba wa kupanga, iliandikwa. Mwanvua aliisoma mara mbili kwa sauti mbele ya shefu, mkuu wa mtaa, kisha akaongeza kwa mkono wake mwenyewe kwamba chochote atakachojenga mpangaji ni mali ya mpangaji. Miezi ikapita. Iliasi alinunua mkate wa Sarah-Grâce asubuhi kwenye mstari kama wengine, na kwa wanafunzi alisikia kwamba kweli waliulizwa habari zake, tena kwa kirefu.

Mvua zilipokwisha, baba yake Sarah-Grâce akafika kutoka Kabambare. Jumapili iliyofuata, saa nne asubuhi, Iliasi alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Pamoja na dada yake na baba yake mdogo alitembea avenyu nzima, majirani wakitoka kutazama, mpaka kwenye nyumba alimozaliwa.

Akabisha hodi. Kutoka ndani sauti ya Sarah-Grâce ikauliza ni nani.

Iliasi akataja jina lake lote, na la baba yake, akasubiri kufunguliwa.