Fremu Pana ya Babu

Ikram alikuwa na siku ishirini na moja, na tangu juzi hakugusa titi la mama yake. Lakini alipopimwa asubuhi hiyo kliniki, uzito ulikuwa umepanda.

"Ananyonya vizuri," muuguzi alisema. Sabiha, mama yake, alijifunika kifua kwa kanga. Maziwa yalikuwa yamemjaa hadi homa.

Mumewe, Masudi, mpiga picha wa Chang'ombe, alikuwa na siri asiyomwambia mtu. Juzi, Sabiha akioga, alimchukua mtoto hadi studio iliyo mbele ya nyumba, naye mtoto hajatimiza siku arobaini za kukaa ndani. Kisu kidogo alichowekewa mtoto chini ya mto kumkinga na majini alikiacha chumbani, maana picha yenye kisu nani ataitundika ukutani? Mtu mzima na akili zake.

Alimpiga picha kwa kamera tatu kutoka mahali pamoja, akihamisha lenzi moja, ya marehemu babu yake. Alitaka kuona tofauti. Kamera yake ya kazi ina kihisi kidogo, kile kibamba kinachopokea mwanga, kwa hiyo huchukua katikati tu. Ile mpya ina kihisi kipana, huongeza pembeni. Ya babu, ya filamu, fremu yake inazipita zote.

Mchana huo, baada ya kliniki, alizifungua picha hizo. Picha ya kwanza: uso wa Ikram, amelala. Ya pili: uso uleule, na ukingoni, karibu na sikio, kidole kirefu cha rangi ya majivu. Studio ikaanza kunuka maziwa yaliyochacha.

Akaiosha filamu, akaiingiza kwenye kompyuta, na pale ambapo kamera mbili hazikufika akamwona mwanamke amechuchumaa kando ya mkeka, miguu imeishia kwato, kifua wazi, hamtazami mtoto bali anamtazama yeye Masudi, kwa subira ya mtu anayejua kwamba mwenye kamera ataondoka.

Na kweli aliondoka.

"Ulimwacha peke yake?" Bi Mwajabu, mama yake, aliuliza kwa sauti ya chini alipoonyeshwa picha hiyo.

"Dakika mbili, mama. Mteja alifuata picha zake za pasipoti."

"Zinatosha, mwanangu. Mwambie mkeo akae uani, asiingie mpaka nimwite."

Akafukiza ubani chumbani, akasoma Ayatul Kursiyyu mpaka sauti ikakauka. Mara Ikram akalia, kilio kikali cha mtoto mwenye njaa, na Masudi akalia naye. Bi Mwajabu akatoka na chetezo kwenda kumwaga majivu.

Masudi alifungua dirisha moshi utoke. Alipogeuka, Sabiha alikuwa ameshaketi kitandani, amempa mgongo, kanga kichwani, na mtoto alikuwa ananyonya kwa pupa hadi mlio ulijaa chumba kizima.

"Alhamdulillahi," Masudi alisema. Akapiga magoti nyuma yake, na yote aliyoyaficha yakamtoka, studio, kisu, mteja, zile dakika mbili, akamwomba msamaha kama ambavyo hajawahi kumwomba mtu. "Ni mimi niliyempa nafasi, mke wangu."

Kichwa chenye kanga kikainama. Alimpigapiga mtoto mgongoni, polepole.

Ndipo sauti ya Sabiha ikaja kutoka uani, imechoka, inaomba.

"Mama, si mmemaliza? Nileteeni mwanangu, maziwa yananiuma."