Peni Nyekundu ya Mwalimu Damiano

Umeme ulikatika mashine ya kopi ikiwa imeshameza karatasi ya tisa.

Steshenari ile, mkabala na soko la Kashaulili, ilikuwa imejaa mpaka barazani: walimu na mitihani yao, vijana na barua za kuomba kazi, mama mmoja na cheti cha ubatizo. Mwenye duka aliguna, akafungua tumbo la mashine, akachomoa karatasi kwa pupa na kuwagawia watu kama anayegawa karata.

"Dada, hizo ulizoshika ni zangu," sauti ilisema nyuma ya Scolastica. "Na hizi nadhani ni zako. Mtihani wa Kiingereza wa kujiunga na shahada ya uzamili. Umetumwa na mdogo wako?"

Scolastica aligeuka. Mwanaume alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono imesimama, peni nyekundu mfukoni. Yeye alikuwa na gauni la kitenge cha njano lililofunikwa nusu na koti la pikipiki, na buti za mvua zenye udongo wa mashamba ya Kasokola.

"Nimejituma mwenyewe," alijibu. "Kwani bibi shamba hasomi?"

"Anasoma. Ila huwa anavua buti kwanza."

Watu wakacheka, naye akacheka. Kabla umeme haujarudi alikuwa ameshajua kwamba mwanaume huyo anaitwa Damiano, kwamba kwao ni Sumbawanga, na kwamba anafundisha Kiingereza jioni katika ukumbi nyuma ya kanisa, Jumanne na Alhamisi. Alipoondoka alimshukuru Mungu kwa kukatika kwa umeme.

Scolastica alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alimaliza kidato cha nne akaajiriwa, akasoma diploma kwa likizo, na digrii akaipata wenzake wa rika lake wakiozesha mabinti. Sasa lilibaki jambo moja. Ulikuwepo ufadhili wa uzamili katika sayansi ya udongo, ada na chumba vyote bure, lakini haukupokea mtu aliyefikisha arobaini. Yeye angefikisha Februari. Mtihani ulikuwa Septemba, na sehemu ya Kiingereza ilitaka alama hamsini. Hakukuwa na mwaka mwingine.

Zoezi lake la kwanza la ufahamu katika darasa la Damiano lilirudi na alama thelathini na moja. Alitoka nje akalia akiuegemea ukuta wa ukumbi, leso mdomoni ili wenzake wasisikie. Damiano alimfuata.

"Naacha, mwalimu. Kichwa changu kimekomaa, hakiingizi tena."

"Nipe wiki moja tu, Scola. Wiki moja."

Wiki iliyofuata alipata sitini na mbili. Chini yake, kwa wino mwekundu: *Vizuri sana. Endelea hivyo hivyo.*

Kuanzia hapo mapenzi na masomo yakatembea pamoja. Kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla hajawasha pikipiki kwenda kwa wakulima, simu iliita.

"Umeamka, malkia wa Kasokola?"

"Nimeshasali na nimeshafagia. Wewe bado uko kitandani, nasikia sauti."

"Neno la leo ni *yearn*."

"Maana yake?"

"Kutamani kitu mpaka kifua kinauma. Litungie sentensi."

"Bibi shamba anatamani mvua mpaka kifua kinauma."

"Mvua tu?"

"Mwalimu, mwanafunzi amejibu swali. Tusichelewesheane."

Maneno aliyaandika kwenye vipande vya plasta, akavibandika kwenye tenki la pikipiki, kwenye ndoo, kwenye mlango wa choo. Aliwahubiria wakulima habari za viwavijeshi huku macho yake yakisoma tenki. Na alama zikapanda: sitini na nane, sabini na tano, themanini na nne. Kwenye jumuiya ya kanisani alisimama mara tatu kutoa shukrani. Mara ya mwisho alibeba debe la karanga, na mwenyekiti wao, Mama Odeta, akasema, "Mnaona? Mungu hamtupi mtu wake." Wakampigia makofi, wakamwombea.

Darasani, Damiano hakuwa mpole kwa kila mtu. Kabula, binti wa Kisukuma aliyeuza katika duka la dawa, alikula matusi kila Alhamisi.

"Kabula, hapa umeandika nini? Ng'ombe wa baba yako angejibu vizuri zaidi!"

"Ng'ombe wa baba hajalipa ada ya darasa, mwalimu. Nifundishe mimi."

Darasa lilivunjika mbavu. Scolastica alimwonea huruma Kabula na usiku alimtaja katika sala zake.

Septemba Scolastica na Kabula wakapanda treni kwenda Tabora kufanya mtihani. Alipofunua karatasi ya mtihani Scolastica nusura apige kigelegele. Habari ndefu kuliko zote ilihusu ufugaji wa nyuki! Marehemu baba yake alikuwa na mizinga msituni, na yeye mwenyewe alifundisha ufugaji huo. Aliandika bila kuinua kichwa, mizinga itundikwe wapi, moshi ufukizwe vipi, asali ivunwe lini, yote kama baba alivyomwonyesha. Alimaliza mapema akafunga macho, akasema Baba Yetu taratibu.

Matokeo yalikuja kwa simu mwezi Oktoba. Alama arobaini na sita.

Alikaa juu ya gunia la mbegu, ofisini, mpaka jua likahama dirishani. Hakumlaumu mwalimu. Hakuwalaumu waliosahihisha. Alijilaumu yeye, kwamba pengine alijivuna na Mungu akaona. Alifunga siku tatu, maji tu.

Damiano alimkuta amekonda. Alimpeleka kwenye mgahawa karibu na soko, akamwagizia kuku na ugali, akamlisha tonge la kwanza kwa mkono wake.

"Mitihani ina mambo yake, mpenzi. Usijitese."

"Nilikuwa napata themanini, Damiano. Themanini!"

"Najua, mama. Najua." Alishusha macho, kisha akatoa kikasha cha peni, akakifungua. Ndani kulikuwa na pete. "Pengine Mungu alikuwa anakubakiza hapa. Tuoane. Mambo ya shule tuwaachie watoto."

Moyo wa Scolastica uliruka, na wakati huohuo ukauma. "Nipe siku tisa," alisema. "Nisali novena. Siku ya kumi nakujibu."

Siku ya sita, Kabula alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya Scolastica akiwa na suruali mpya ya jinzi na faili kubwa kifuani. Alikuwa amefaulu kwa alama sitini na moja.

"Dada Scola, naondoka Jumatatu. Haya mazoezi yangu sitayahitaji tena, labda utampa mtu. Usiyacheke, nilikuwa zuzu kweli."

Walikaa mkekani wakimenya karanga. Kabula alifunua zoezi la tisa, habari ya tumbaku, lenye arobaini na nne na michirizi myekundu kila mahali. Scolastica alilikumbuka. Akaingia ndani kuleta la kwake, ili wacheke pamoja.

Hawakucheka. Swali la kwanza, jibu ni lilelile. La pili, lilelile. La Kabula lina mkasi wa kosa, la Scolastica lina vema.

"Hapa na wewe umeandika tumbaku ikaushwe kwa kuni kavu," Kabula alisema polepole. "Habari haisemi hivyo, dada. Mimi aliniandikia hapa pembeni, ona: 'Hakuna aliyekuuliza unachojua. Jibu kilichoandikwa.' Tangu siku hiyo ndipo nilipoanza kupanda. Wewe hakukwambia?"

Scolastica aliangalia pembeni mwa karatasi yake: palikuwa peupe. Alikuwa anaiona habari ya nyuki, mstari kwa mstari, na majibu yote ya baba yake.

"Sisi tulijua wewe ni kipanga," Kabula aliendelea, akijuta kila neno likitoka. "Mwalimu alikuwa anatuambia, mwigeni Scola."

Siku ya kumi iliangukia Jumamosi. Scolastica alimpigia Damiano simu aje ukumbini saa kumi alasiri. Alikuja na suti ya bluu, ndevu zimechongwa, kikasha cha peni mkononi, akitabasamu toka mlangoni. Scolastica alikuwa amevaa gauni lilelile la kitenge cha njano. Mbele yake mezani zilipangwa karatasi kumi na moja, kuanzia zoezi la pili hadi la kumi na mbili, na la Kabula pembeni.

"Kaa, mpenzi," alisema kwa upole. "Sahihisha."

Damiano aliiona karatasi ya Kabula. Tabasamu likamtoka kidogo kidogo.

"Scola, acha nikueleze..."

"Utaeleza ukimaliza. Peni unayo."

Alisahihisha. Kila alipomaliza karatasi Scolastica alimwambia, "Taja." Naye alitaja. Thelathini na tatu. Thelathini na sita. Thelathini na tano. Nje, wanakwaya walikuwa wanafanya mazoezi ya sauti ya pili, wakikosea palepale na kurudia. Arobaini na nne. Arobaini na tano. La mwisho kabisa lilikuwa arobaini na nane.

"Nilikuwa napanda," Scolastica alisema. "Peke yangu, gizani, bila kujua nakanyaga wapi. Ungenionyesha kosa moja tu. Moja, Damiano! Lile ulilomwandikia Kabula."

"Ulilia siku ile. Sikuweza kukuona unalia tena. Niliogopa utaacha kuja."

"Uliogopa nitaacha kuja, au uliogopa nitaondoka?"

Kwaya ilirudia. Damiano alifunga kifuniko cha peni. Jasho lilikuwa limelowesha kola ya shati.

"Mwanzoni ni hilo la kwanza," alisema hatimaye.

"Nilisimama mbele ya jumuiya mara tatu. Nilimpelekea Mungu debe la karanga kwa alama ambazo hazikuwepo. Wazee wa watu wakanipigia makofi."

"Nisamehe. Napiga magoti kama unataka."

"Usichafue suti."

Alipiga magoti hata hivyo, kwenye vumbi la ukumbi, akakifungua kikasha. "Nilikosa kwa sababu nakupenda. Mtihani umepita, ufadhili umepita, lakini mimi nipo. Niambie jambo moja tu, Scola wangu. Bado unanipenda?"

Scolastica alikuwa amesali siku tisa apewe jibu, na siku ya tisa alikuwa ameomba apewe hasira, lakini haikuja. Ilikuja baridi tu, kama ya alfajiri mwezi wa saba. Aliichukua peni nyekundu kutoka mkononi mwake. Akageuza zoezi la kumi na mbili upande mweupe, akaandika kwa mwandiko mzuri, bila haraka, akamkabidhi.

*85. Vizuri sana. Endelea hivyo hivyo.*

Damiano aliisoma. Akaisoma tena. Uso wake ulianza kung'aa, kisha ukasita katikati, kama mtu aliyekanyaga ubao akausikia unalegea.

"Scola," alisema. "Hii ni ya kweli?"

Scolastica alikuwa ameshavaa koti la pikipiki. Mlangoni aliinama akavua viatu, akavaa buti zake.

"Wewe ndiye mwalimu," alisema. "Sahihisha."

Akawasha pikipiki. Kwenye tenki kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha plasta, kile cha *yearn*, kimefifia kwa jua, nacho hakukibandua. Alikisoma kwa sauti mara moja, akashika barabara ya Kasokola.