Mahbuba Ajifunza Kukata Zaatari

Mwaka 1967 Mahbuba alikuwa akiishi Matrah, jirani na mji wa Muscat. Yeye, mumewe Ishaq na mkwewe Bi Sayyida walikuwa wametoka Unguja miaka michache nyuma. Kila asubuhi Mahbuba aliteka maji, akapika chapati, akachemsha chai. Chai ya mkwewe aliitia zaatari, majani madogo makavu yenye harufu kali. Ilikituliza kifua cha Bi Sayyida.

Zaatari ile aliileta jirani yao, Nasriya. Nasriya alizaliwa mlimani, akaolewa Unguja, kisha akarudi Oman.

"Shoga, mti wake ukoje?" Mahbuba aliuliza. "Una maua? Unapandwa?"

"Unajiotea wenyewe, juu kwenye majabali. Na wewe maswali yako hayaishi! Joto likiingia nnakwenda kwetu. Twende ukauone."

Ishaq aliridhia. Dada yake akaja kumtazama mama yao. Mahbuba na Nasriya walipanda lori mpaka chini ya mlima, kisha wakapanda njia ya mawe pamoja na punda.

Walifika kijijini kwa kina Nasriya usiku. Asubuhi yake, Nasriya alikuwa bado anaamkiana na jamaa zake. Mahbuba hakuweza kungoja. Akaenda peke yake mpaka kwenye majabali ya juu ya chemchemi ya kijiji. Mara akasikia harufu ile ile. Vichaka vidogo vilishikilia nyufa za mawe! Alichuma jani, akalisugua, akanusa. Kisha alishika shina, akalivuta. Likatoka na mizizi. Akavuta jingine, na jingine. Alitaka kumpelekea Bi Sayyida zaatari ya mwaka mzima.

Wanawake wawili waliokuja kuteka maji wakamwona. Walipiga kelele kwa Kiarabu. Nasriya akaja mbio.

"Ya Rabbi! Mahbuba, umeng'oa?"

"Nimechuma tu. Kuna kosa gani?"

"Wanasema nimeleta mgeni wa kuwamalizia dawa yao. Hawataki urudi tena."

Mahbuba alitamani ardhi immeze. Hata hivyo akauliza, "Kwani haioti tena?"

Nasriya alimshika mkono, akampeleka nyuma ya jabali. Pale palikuwa na mawe matupu.

"Nilipokuwa mdogo, hapa palijaa zaatari. Watu wakang'oa. Mvua ikachukua udongo. Sasa mbegu hazina pa kushika."

Kisha akampeleka pahala pengine. Huko vichaka vilikuwa vinene. Nasriya alitoa mundu mdogo.

"Tazama. Shika vitawi vya juu, ukate. Acha majani chini. Ukikata mpaka kwenye shina kavu, halichipui. Kichaka chenye maua kiache kiangushe mbegu. Na usikate kila unachokiona. Vyengine viruke."

"Na kukausha?"

"Kivulini. Jua linamaliza harufu."

"Na Bi Sayyida atapona kabisa?"

"Inampa nafuu tu. Akishikwa na homa, au akikohoa damu, mpelekeni hospitali. Msingoje."

Mahbuba alivitazama vichaka alivyoving'oa. "Na hivi?"

"Vyengine vina mizizi mizima. Tujaribu."

Walivirudisha kwenye nyufa zenye udongo, wakavizungushia mawe. Mahbuba alivimwagilia asubuhi na jioni, muda wote aliokaa kule. Wanawake wa chemchemi walimwona kila walipokuja kuteka maji, wala hawakumfukuza. Siku ya kuondoka alichukua kifurushi kidogo tu, cha vitawi alivyovikata kwa mundu.

Mwaka uliofuata alirudi na Nasriya. Kabla hata ya kunywa kahawa ya wenyeji, alikwenda jabalini. Vichaka vingi alivyovirudisha vilikuwa vimekufa. Lakini vichache vilishika, na kimoja kilikuwa na maua ya zambarau. Nyuki walikizunguka. Mahbuba alipiga magoti, akachungulia chini yake. Kwenye ufa wa jiwe kulikuwa na miche midogo sana, imejiotea yenyewe.

"Nasriya! Njoo uone!"

Aliyekuja si Nasriya. Alikuja mmoja wa wale wanawake wa chemchemi. Aliinama, akaitazama ile miche. Kisha akasema kwa Kiarabu, polepole, ili Mahbuba amfahamu:

"Kesho tunakwenda kukata upande wa pili wa mlima. Njoo nawe."

Mahbuba akainuka, akajipangusa udongo magotini.

"Upande wa pili," aliuliza, "kunaota nini?"