Mke wa Utani

"Pazi, sikiliza nikwambie. Mwanamke wa kunikamata mimi na uongo hajazaliwa, na huyo mama atakayemzaa bado yuko chekechea."

Muzammil aliyasema hayo katikati ya kiwanja cha mpira cha Kaole, miwani ya jua usoni, rimoti ya droni mikononi. Mtaani walimwita Injinia. Kazi hakuwa nayo bado, lakini ratiba alikuwa nayo. Asubuhi anakimbia ufukweni, kisha ananyanyua vyuma alivyovitengeneza kwa kumwaga zege kwenye makopo ya rangi. Mchana anacheza gemu na kumtukana refa wa kwenye televisheni. Jioni anarusha droni aliyoiunga mwenyewe kwa vipuri vya kuagiza. Maombi ya kazi alituma pia, ila kwa mwendo ule wa mtu anayeahirisha kung'oa jino.

"Na yule wa Vigwaza?" aliuliza Pazi, rafiki yake wa bodaboda, amekaa juu ya pikipiki yake anatafuna muwa.

"Mize? Mize yuko saiti huko, anasimamia mitaro ya mabomba. Wahida yuko mjini hapa, dukani kwa baba yake, ananukia udi. Hizi ni nyaya mbili, Pazi. Ukiziweka mbali hakuna shoti."

"Na zikigusana?"

"Mimi ni nani?"

"Injinia."

"Basi tafuna muwa wako."

Mize alisoma naye darasa moja la uhandisi. Mwenzake alipata mkataba kwenye mradi wa maji mapema tu. Muzammil, huku akisubiri zamu yake, akamwona Wahida anauza manukato, na kusubiri kukanoga. Washenga walishapelekwa, posa ilishafika. Jibu tu ndilo lililobaki kwa Bi Raya, shangazi yake Wahida, mwanamke ambaye asipotikisa kichwa, hakuna binti anayetoka kwenye nyumba ile. Na Muzammil alimtaka Wahida vibaya sana. Alishawatangazia watu mpaka rangi ya suti.

Wahida mwenyewe akatokea, baibui linapepea, kiatu mkononi kwa sababu ya mchanga.

"Hilo ndilo dege lako? Mbona kama feni imetoroka?"

"Njoo ujione ulivyo mzuri kutoka mbinguni."

"Mbinguni nani kakupeleka wewe?"

Alicheka lakini alisogea. Muzammil akampa rimoti aishike. Sasa droni ile ilitumia simu kama kioo: unaipachika simu juu ya rimoti, unaona kila kinachoonekana huko angani. Wahida akajiona, kadoa keusi katikati ya kiwanja. Akapunga mkono. Kadoa nako kakapunga.

Hapo ndipo ujumbe ulipodondoka juu ya picha.

Kwa ujanja wake Muzammil hakuwahi kuhifadhi jina la Mize kwenye simu. Kwa hiyo kilichotokea ni namba tupu, yote, wazi, na chini yake maneno:

"Mume wangu, umekula? Usishinde juani na hilo lidude lako. Nakupenda."

Muzammil akapokonya rimoti. Droni ikapiga kona ya wazimu, ikajibamiza kwenye mnazi, vipande vikashuka kimoja kimoja.

"Mume wangu?" Wahida alisema polepole, kama anayeonja chumvi.

"Aah! Huyo? Huyo binamu yangu, bwana! Mize. Mtoto wa shangazi. Si unajua utani wa mabinamu? Tangu wadogo ananiita mume, namwita mke."

Usimcheke. Pwani hii uongo huo una miguu ya kusimamia. Mabinamu hutaniana mpaka mgeni akashika kichwa, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

"Na hilo 'nakupenda'?"

"Utani."

"Na 'umekula'?"

"Hiyo... hiyo ni huruma ya ukoo."

Pazi akashuka kwenye pikipiki, akaenda kuokota vipande chini ya mnazi ili apate pa kuchekea.

Wahida alimtazama Muzammil, kisha akatabasamu, mzuri kweli.

"Ungesema mapema. Jumamosi shangazi anakuita chakula cha mchana. Mlete huyo mke wako wa utani."

"Nimlete wa nini?"

"Shangazi Raya hamwamini mwanamume mpaka amsikie mtani wake akimsema. Anasema jamaa zako watakufichia aibu, mtani ataimwaga. Asipokuja mtani, na jibu la posa haliji."

Jioni Mize akapiga.

"Mume wangu, mbona kimya?"

"Nilikuwa bize."

"Na droni?"

"Mize, mimi si saiti yako. Usinisimamie."

Nyuma ya Mize ilisikika mashine ya kusukuma maji.

"Haya, samahani. Jumamosi nina ruhusa. Nije Bagamoyo nikuone?"

"Hapana! Jumamosi nina usaili. Kampuni kubwa. Usije, wala usinipigie, nitazima simu."

"Usaili! Alhamdulillahi! Jamani, mbona hukuniambia? Vaa lile shati la bluu, linakukaa vizuri. Nitakuombea dua."

"Sawa, sawa."

Akakata kabla dua haijaanza.

Kisha akampigia Chausiku wa Kerege. Huyu alikuwa binamu wa kweli, mtoto wa shangazi wa kweli, na ulimi wake ulikuwa unajulikana mpaka kwenye misiba ya watu wasiomjua.

"Mume wangu wa hasara!" Chausiku aliitikia. "Leo umenikumbuka, umeishiwa wanawake?"

"Nisaidie, Chausiku. Jumamosi uje kwa wakwe zangu unitanie. Ila utaitwa Mize."

"Mize ndiye nani?"

"Jina tu."

"Jina tu lina mwenyewe. Ni yule mrefu wa chuoni, aliyekuja hapa Idi akamkunia bibi nazi?"

"Chausiku."

"Umemwacha?"

"Bado. Jumamosi anadhani niko kwenye usaili. Nitamwacha baada ya nikahi. Kwa utaratibu."

"Kwa utaratibu," Chausiku akarudia. "Kumbe na kuacha mtu mmesomea? Haya, nitakuja. Lakini ukishanipa ruhusa ya ulimi, usije ukaniomba niurudishe."

Jumamosi wakafika. Muzammil alivaa shati la bluu, maana ushauri mzuri hautupwi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Karibuni. Huyu ndiye mtani?"

"Ndiye, shangazi. Mize."

"Shikamoo," alisema Chausiku. "Mimi ndiye mke mkubwa. Nimekuja kumwona mdogo wangu kama ana nguvu za kufua, maana huyu bwana hata soksi hajui zinaingia maji upande gani."

Ukumbi ulilipuka. Mashangazi walikuwa wamejaa kwenye mikeka, wali wa nazi na samaki wa kupaka katikati. Wahida hakuonekana. Adabu ya kwao, mwali hukaa chumbani nyuma ya pazia, anasikiliza. Muzammil akakaa alipoonyeshwa, mgongo kwa pazia.

Chausiku akala, akafuta vidole, akaanza kazi.

"Mnamwona alivyojaza kifua? Ni zege. Akinyeshewa anavimba. Tena msidanganyike na huo uhandisi, nyumbani taa ikikatika anamwita mama yake. Na ana mwanamke, huyu! Anampigia asubuhi, mchana, jioni. Yeye anamwambia niko bize. Bize na gemu! Leo kamdanganya anakwenda kwenye usaili!"

Mashangazi wakapiga vigelegele. Mmoja alidondosha kijiko. Muzammil alicheka kuliko wote, akajipiga paja, machozi yakamtoka. Ukweli wote ulikuwa umewekwa mezani, na watu wanaushushia na maji ya ndimu. Moyoni akasema, nani kama mimi?

Bi Raya hakucheka sana. Alikuwa anachambua mwiba wa samaki.

"Mtani amesema. Sasa na wewe mjibu. Tuhadithie, baba, huyu Mize wako mmetoka naye wapi?"

Uongo mzuri unataka mali ghafi, na Muzammil alikuwa na ghala zima. Akachukua maisha yake yote na Mize, akayageuza upande wa kucheka.

"Huyu, shangazi? Huyu ni gundi! Nikiwa chuo mwaka wa tatu niliumwa kidogo tu, kesho yake huyu mlangoni na uji. Nimemfukuza, hafukuziki. Ananifulia, anapiga pasi, analala kwenye kiti. Wenzangu wananiuliza, huyu nani? Nasema, msaidizi wa nyumbani, nimetumiwa kutoka kijijini."

Vicheko. Chausiku alikuwa ameinamisha macho kwenye sahani.

"Kila mtihani ananifungia na utepe wa dua mkononi. Ananitazama kama bango la sinema! Nikamwambia, binamu, we kwangu ni kama mbuzi wa nyumbani. Nimekuzoea, lakini siwezi kutoka nawe barabarani."

Safari hii vicheko vilikuwa vichache. Shangazi mmoja alikuwa anatazama juu ya bega la Muzammil. Muzammil akaona hadithi imepungua chumvi, akaongeza.

"Kilele ni mahafali! Mimi nimesimama na joho langu, kofia imekaa kichwani, napigwa picha. Huyu si akaja mbio, akanikumbatia, akaangua kilio mbele ya watu! Nikamsukuma. Nikamwambia, hebu futa makamasi yako, unanichafulia joho langu!"

Hakucheka mtu.

"Joho lilikuwa langu."

Sauti ilitoka nyuma yake. Hakugeuka. Shingo ilikataa. Kijiko cha wali kilikuwa nusu ya njia kwenda mdomoni, kikabaki hapo hapo.

Pazia lilikuwa wazi. Wahida alisimama upande mmoja, na upande wa pili Mize, mrefu, mtandio wa kijani, jua la Vigwaza bado liko usoni.

"Wewe mwaka ule hukuwa kwenye orodha ya wanaohitimu," Mize aliendelea, kama anayesoma ripoti ya saiti. "Ulikuwa na somo la kurudia. Ulilia, ukasema mama yako anasubiri picha. Nikalivua joho langu mchana wa mahafali yangu, nikakuvalisha. Mimi sina picha ya siku ile. Wewe umehitimu juzi, baada ya mimi kuja kukufundisha hesabu kila nikipata ruhusa. Na uji haukuwa wa homa. Ulikuwa umejifungia ndani kwa sababu ulifeli."

"Wahida..." Muzammil alipata sauti, ndogo, kama ya mtu mwingine.

"Namba ilikuwa wazi kwenye simu yako, nikaikariri," Wahida alisema. "Nilimpigia kumkaribisha mwenyewe, maana mgeni hakaribishwi kwa kutumiwa salamu. Nikamwambia, binamu, Jumamosi njoo umtanie mumeo. Akaniuliza, binamu wa nani?"

"Na huyu aliyekula samaki wangu?" Bi Raya alimtazama Chausiku.

"Chausiku, shangazi. Binamu yake wa kweli. Nisamehe. Yote niliyosema nilikuwa sitanii."

"Kula, mwanangu. Wewe huna kosa na samaki."

Kisha akamgeukia Muzammil, kwa upole uleule wa kuchambua mwiba.

"Endelea na hadithi, baba. Ulifika kwenye makamasi."

"Shangazi, mimi..."

"Hapana, malizia. Mbuzi wa nyumbani alifanyaje?"

Mashangazi wote walingoja. Mmoja alimsogezea bilauri ya maji, na hilo lilikuwa baya kuliko tusi. Muzammil akanywa, akapaliwa, akakohoa mpaka shati la bluu likapata madoa, na hakuna aliyempiga mgongoni.

"Washenga wako watapewa jibu lao Jumatatu," Wahida alisema. "Wewe usisubiri."

Akarudi chumbani. Pazia likashuka.

Muzammil akasimama. Sasa alibakiwa na mlango mmoja tu maishani mwake, na mlango huo haukuwahi kumfungia hata siku moja. Akamsogelea Mize, akashusha sauti, akaweka lile tabasamu la mchana wa mahafali.

"Mize. Mke wangu. Twende nje tukaongee. Yale ya mbuzi, unajua ilibidi wacheke. Waambie tu kwamba sisi tunataniana. Si tunataniana?"

Mize alimtazama kama anavyotazama bomba lililopasuka kabla ya kuamua kama linazibika au linatupwa. Akakaa mkekani, akanawa mikono, akavuta sahani.

"Nimekuita mume wangu tangu chuo, Muzammil. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unatania."