Mwewe Anataka Mabawa

"Umeolewa?"

"Hapana, afande."

"Nakuuliza tena. Fikiri kabla hujajibu. Umeolewa?"

"Sijaolewa, afande. Nina mchumba, na nilisema hivyo tangu siku ya kwanza."

Afisa aliyekaa katikati ya meza alivua miwani, akawatazama wenzake wawili, kisha akamrudia msichana aliyesimama mbele yao, mikono imenyooka ubavuni. Akamwambia kuwa asubuhi ile ofisi ilipokea simu. Mwanamke aliyepiga alimtaja kwa jina, akataja hata kazi anayofanya, akasema huyo mnayetaka kumfanya rubani ni mke wa mtu, na hivi tunavyoongea ana mimba changa.

Masharti yalijulikana. Anayeomba kuwa rubani na afisa wa jeshi la anga awe hajaoa wala hajaolewa, na abaki hivyo mpaka apate kamisheni, yaani cheo cha afisa. Na kwa wale watatu pale mezani, kudanganya kulikuwa kosa kubwa kuliko ndoa yenyewe.

"Mimba daktari wenu anaweza kupima hata sasa hivi," msichana alisema. "Ndoa sina, afande. Sijui nitathibitishaje kitu ambacho hakipo."

"Utajua mwenyewe. Rudi Jumatatu. Ukija mikono mitupu, umejitoa."

Kazini walimwita Mwewe. Alikuwa dereva wa kreni kwenye majengo marefu, mwanamke pekee aliyekuwa akipanda ile ngazi ya chuma hadi kibanda cha vioo kilichoning'inia juu ya mji. Wanaume waliomcheka alipoanza walikuja kunyamaza wenyewe siku upepo ulipochachamaa, fungu la nondo likayumba juu ya vichwa vyao, naye akalishusha taratibu mpaka likalala chini kama yai. Tatizo la kreni ni moja: haiendi popote. Ndege zilikuwa zikipita juu ya kibanda chake, naye akizisindikiza kwa macho mpaka msimamizi ampigie redio kumuuliza kama amesinzia. Fizikia na hesabu alikuwa amefaulu vizuri shuleni, na umri ulikuwa bado unamruhusu, ingawa kwa kusukumasukuma. Akaomba. Akapita mbio, akapita vipimo vya macho, masikio na moyo, akapita mtihani wa kuandika. Kilikuwa kimebaki kikao kile tu cha wakubwa.

Ukimtoa mama yake, aliyejua habari hizi ni mmoja tu, mchumba wake, kijana muuguzi wa wodi ya watoto ambaye yeye alimwita Nesi. Ndiye aliyekuwa akiamka naye alfajiri kwenda kukimbia, pumzi zikimwishia njiani, akikaa kwenye ukingo wa barabara kumsubiri arudi.

Kwa hiyo Mwewe alipotoka getini hakufikiri mara mbili. Alitoa simu akaandika:

"Kama ulikuwa hutaki niende ungeniambia usoni. Kumtuma mwanamke apige simu jeshini anizulie mimba ni uoga. Usinitafute tena."

Simu ikaita, hakupokea. Ikaita tena. Kisha meseji zikaingia.

"Mimba gani? Mwanamke gani? Naomba upokee."

"Mwewe. Mimi?"

Hiyo ya pili ilimchoma, lakini alizima simu. Nyumbani alimweleza mama yake kila kitu, na mama akamuuliza kama amemsikiliza huyo kijana wa watu. Akajibu hakuna cha kusikiliza. Mama akaendelea kukunja nguo, akasema basi hakimu wewe, shahidi wewe, na jela umempeleka wewe.

Huku nyuma, Nesi alikaa kwenye benchi nje ya wodi, sare yake ina matone ya dawa ya kikohozi, akijiuliza nani angefanya jambo kama lile. Hakuchukua muda kupata jibu. Siri ile alikuwa amemwambia mtu mmoja, tena kwa kujigamba: dada yake.

Dada Mkubwa ndiye aliyemlea. Baba yao alikuwa mwanajeshi. Aliondoka akiwapungia mkono kutoka nyuma ya lori, akarudi ndani ya sanduku. Mama yao hakukaa sana baada ya hapo. Dada Mkubwa akaacha shule, akajifunza kusuka nywele, na vidole vyake ndivyo vilivyomsomesha mdogo wake mpaka akavaa sare ya uuguzi. Sasa alikuwa na saluni yake, yenye viti vitatu na kioo kirefu ukutani. Nesi alimkuta katikati ya kichwa cha mteja.

"Dada, ulipiga simu jeshini?"

Vidole havikusimama. "Inama kidogo," akamwambia mteja.

"Nimekuuliza, Dada."

"Nilipiga."

Nesi alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Ukweli uliokuja haraka namna ile ulimketisha kwenye kiti cha jirani.

"Nilishazika mmoja mwenye magwanda," Dada Mkubwa alisema, macho yakiwa bado kwenye nywele. "Wa pili nikimzika, wewe nitakuokota vipande vipande. Na kama hafi, akishaanza kupigiwa saluti atamkumbuka nesi?"

"Asiponikumbuka nitalia mwenyewe. Hilo niachie mimi."

"Nimekulea, nina haki ya kukulinda."

"Umenilea vizuri, Dada. Umenilea nichukie uongo, na leo nimeachwa kwa uongo wako." Akamsogelea. "Yule mwanamke ananifanya nitembee kifua mbele. Nikiwaona watu wananyoosha vidole juu kwenye kreni, nataka niwaambie yule ni wangu. Ukimkata mabawa, baba harudi. Nabaki tu bila yeye."

Mteja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, alikohoa kidogo, akasema yeye hata kesho anaweza kuja.

Jumatatu Mwewe alifika pale ofisini mikono mitupu, kama alivyotarajia. Hakutarajia kumkuta Dada Mkubwa kwenye benchi la wageni, amevaa nguo zake za kutokea, mkoba ameubana kifuani. Kabla hajauliza, wakaitwa wote wawili.

"Simu ile nilipiga mimi," Dada Mkubwa aliwaambia wale maafisa. "Huyu hajaolewa, hana mimba. Ni mchumba wa mdogo wangu. Nilisema uongo kwa sababu naogopa. Mdogo wangu hakujua. Nilipiga tena kuuliza siku ya kikao, nimekuja kwa miguu yangu, mnifanye mnavyotaka."

Mwewe alihisi joto likimpanda shingoni. Kwa hasira, ndiyo, lakini zaidi kwa aibu, maana aliikumbuka ile meseji ya maneno mawili aliyoizimia simu.

Afisa wa katikati hakumgeukia Dada Mkubwa. Alimgeukia yeye.

"Tuseme huyu ni askari wako. Amekuzulia uongo kwa sababu ya hofu, na karibu akuharibie maisha. Wewe ni afisa wake. Unamfanyaje?"

Mwewe alimtazama yule mwanamke na mkoba wake.

"Namwadhibu, afande. Uongo jeshini unaua watu. Lakini kwanza namuuliza anaogopa nini, na namsikiliza mpaka amalize. Na adhabu ikishaisha, simkumbushi tena."

Wale watatu waliinamiana, wakanong'onezana. Dada Mkubwa alikemewa kwa maneno makali yaliyostahili, akaambiwa aende. Kabla hajafika mlangoni alisikia Mwewe akiambiwa aripoti kwa daktari, kisha akachukue vifaa vya kuanzia mafunzo.

Habari njema ile hakuipeleka nyumbani kwanza. Aliipeleka wodi ya watoto, akamkuta Nesi anampima joto mtoto aliyekuwa akimvuta sikio.

"Nimechukuliwa," alisema.

"Dada kaniambia. Hongera." Hakugeuka.

"Nilikuhukumu bila kukusikiliza. Sina la kujitetea. Naomba unisamehe."

Nesi alimlaza mtoto, akaandika joto lake kwenye ubao wa kitanda, akarudisha kalamu mfukoni.

"Uliniuma sana," alisema. "Sikuumia kwa sababu ulikasirika. Niliumia kwa sababu ilikuwa rahisi kwako kuamini ni mimi."

"Najua. Haitakuwa rahisi tena."

Nesi akamwambia kuwa huko anakokwenda sijui nani atamsubiri kwenye ukingo wa barabara. Hapo ndipo wote wawili walipocheka, na mtoto naye akacheka bila kujua kwa nini.

Mafunzo yalikuwa marefu. Kadeti waliruhusiwa simu mara chache, na Mwewe alipopata ya kwake sauti ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele za gwaride. Kuna miezi Nesi alisikia tu kwamba kadeti fulani amekata tamaa akarudi kwao. Mara moja Mwewe mwenyewe alimwambia amechoka, anataka kreni yake. Nesi hakumbembeleza. Alimwambia alale, aamue akiamka. Akaamka, akabaki. Kisha ikaja ile simu ya mchana, Nesi akaipokelea kwenye chumba cha dawa.

"Nimeruka peke yangu," alisema. "Kiti cha mwalimu kilikuwa kitupu. Nesi, nimeruka peke yangu."

Nesi alijibu vizuri tu, akakata simu, akaegemea rafu ya dawa akalia. Wauguzi wenzake walimkuta hivyo, na kufikia jioni hospitali nzima ilikuwa inajua.

Siku ya kamisheni jua lilikuwa kali na uwanja umepigwa deki mpaka unang'aa. Mama yake Mwewe ndiye aliyembandika kifuani beji ya mabawa ya urubani, pini ikimkataa mara mbili. Jukwaani, bwana mmoja aliyekuja kwa ajili ya mwanawe alimuuliza Nesi, aliyekaa na Dada Mkubwa, nani wake yumo humo uwanjani. Nesi akamwonyesha yule mwembamba wa mstari wa mbele, akasema kwa sauti iliyosikika safu tatu, "Yule rubani ni mchumba wangu."

Gwaride lilipovunjwa, Luteni usu mpya alipita katikati ya watu, akampita hata Nesi aliyekuwa amefungua mikono, akaenda kusimama mbele ya Dada Mkubwa. Akakaza miguu, akapiga saluti.

"Dada, nimekuja kuposa."

Watu waliokuwa karibu waligeuka. Dada Mkubwa aliangalia ile sare kutoka kofia hadi viatu, machozi yakamlengalenga, akayafuta kwa kiganja kabla hayajaanguka.

"Mdogo wangu nakupa," alisema. "Sharti ni moja. Kila ukipaa, utue."

"Ndiyo, afande," rubani akajibu.